Mtoto Anapougua, Je, Tuulize «Nani»?

Nianze na habari moja. Sitataja kijiji, kwa maana si habari ya kijiji kimoja. Ukiisoma, pengine utasema: hata kwetu ilitokea.

Mtoto wa kiume, mwenye umri wa miaka sita hivi, alikuwa mzima. Alicheza na wenzake, alichota maji, alikula vizuri. Siku moja meno yake ya nyuma yakaanza kulegea. Mama akadhani ni meno ya utoto tu. Baada ya wiki moja shavu likavimba. Baada ya wiki ya pili uvimbe ukawa kama ngumi, na jicho likaanza kusukumwa nje. Ndipo jamaa walipokutana usiku. Hawakuuliza: «Huu ni ugonjwa gani?» Waliuliza: «Nani?» Nani ana chuki na nyumba hii? Nani alinyimwa unga mwezi uliopita? Baba mdogo akakumbuka kwamba nyanya wa mtoto, mjane akaaye peke yake nyuma ya nyumba, alimkemea mtoto kwa sababu ya ndizi. Asubuhi wakaenda kwa mfumu. Wiki ya tatu ikaisha katika safari hizo. Wiki ya nne ikaisha katika kutafuta mbuzi wa kulipa. Mtoto alipofikishwa hospitali, hakuweza tena kumeza hata maji. Na nyanya alikuwa amekwisha kufukuzwa.

Tazameni vizuri: katika habari hii kuna mabaya mawili. La kwanza lililetwa na ugonjwa. La pili lililetwa na swali. Leo nataka tulipime swali hilo. Je, mtoto anapougua, kuuliza «nani» ni haki? Nami sitajibu kwa kuwacheka wazee wetu. Kucheka si kujibu. Afadhali tuuchukue ugonjwa wenyewe wa mtoto huyu, tuufungue kama mtu afunguavyo mzigo, tuone kama ndani yake mna mtu amejificha.

DAKTARI ALIYEULIZA «WAPI»

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mjini Kampala, alikuwako daktari wa kupasua, jina lake Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland. Alikuwa na jicho moja tu lenye kuona, kwa maana la pili lilipotea katika ajali tangu utoto wake. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya mahali panne: kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt akashangaa, kwani uvimbe wa kawaida huanza mahali pamoja. Baada ya muda mfupi alikwenda katika hospitali ya Jinja. Akatupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, na uso wake umevimba vile vile.

Mara ya kwanza mtu aweza kusema: ni ajabu tu. Mara ya pili mwenye akili huanza kutafuta. Burkitt akafungua vitabu vya hospitali, akakuta watoto wengine wengi wa namna hiyo. Mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo, nao hata leo waitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt. Ni kansa ya seli nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili.

Burkitt hakuuliza «nani», akauliza «wapi». Alituma picha za wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, naye akatia alama katika ramani kila jibu lilipofika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na mpaka wa Congo, na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu, wakasafiri kama kilometa 16,000 kwa muda wa wiki 10, kutoka Uganda hata Afrika ya Kusini. Waliingia katika hospitali zaidi ya 50. Kila mahali walionyesha picha zao, wakauliza: «Je, mmewaona watoto wa namna hii?»

Majibu yakachora mkanda katikati ya Afrika, nao wapita katika Congo yetu pia. Ugonjwa ulionekana penye joto na mvua nyingi. Juu ya milima yenye baridi ulikuwa haba sana. Kumbe ulifuata nchi za mbu waletao malaria! Hapo yafaa tusimame kidogo tufikiri. Kama ugonjwa huu ungetoka katika chuki ya watu, ungeonekana kila mahali penye chuki. Nayo chuki haiogopi baridi ya milima.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein pamoja na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitazama seli zilizokuzwa kutoka vipande vya uvimbe vilivyoletwa kwa ndege kutoka Kampala, wakaona virusi ambavyo havikujulikana bado. Leo twajua kwamba virusi hivyo viko ndani ya watu wakubwa karibu wote wa dunia nzima, Wazungu, Wahindi na Waafrika, na wengi hawaoni dhara lolote.

Basi, tuna malaria na tuna virusi. Lakini katika vijiji vyetu watoto karibu wote huyapata yote mawili, na wachache tu huvimba taya. Palibaki kitu cha tatu, kilichofichika ndani kabisa. Ili tukione, ni lazima tuingie ndani ya mwili.

UZI NDANI YA KIINI

Mwili wetu umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huitwa seli. Ndani ya seli mna kiini, na upana wake haufikii sehemu moja ya mia ya milimeta. Ndani ya kiini hicho mmekunjwa uzi ambao, kama ungenyoshwa wote, ungepata urefu wa meta 2 hivi. Yaani, katika karibu kila seli ya mwili wako mna uzi mrefu kuliko wewe mwenyewe.

Uzi huo haukutupwa ovyo. Umezungushwa juu ya vigurudumu vidogo sana, kama mshonaji azungushavyo uzi wake, na vigurudumu vimepangwa katika mafungu. Mafungu hayo ndiyo kromosomu. Mwaka 1956, huko Lund katika nchi ya Uswidi, Joe Hin Tjio na Albert Levan walizihesabu sawasawa: mtu ana kromosomu 46, jozi 23, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama.

Juu ya uzi huo yameandikwa maagizo ya kuujenga mwili na kuutunza. Agizo moja huitwa jeni. Mtu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini. Karibu kila seli yazo zote, lakini haizisomi zote. Seli ya jicho husoma yale ya jicho, seli ya ini husoma yale ya ini. Mengine hubaki yamefungwa, kama kitabu kilichofungwa sandukuni.

Nani huamua agizo gani lisomwe? Hapa ndipo penye siri. Pembeni mwa jeni, na pengine mbali nazo, kuna sehemu za uzi ambazo kazi yake ni kuamsha. Uzi hujikunja kitanzi, sehemu ya kuamsha ikagusana na jeni, na jeni huanza kusomwa. Tena kuna alama za mpaka, kama ua kati ya nyumba na nyumba, zizuiazo kiamshi cha nyumba hii kisiamshe watu wa nyumba ya pili. Kwa hiyo haitoshi kujua neno gani limeandikwa. Ni lazima kujua limeandikwa mahali gani, na jirani yake ni nani. Tukumbuke tena swali la Burkitt: wapi?

MOTO JUU YA PAA

Sasa turudi kwa mtoto wetu.

Juu ya kromosomu ya 8 kuna jeni iitwayo MYC. Kazi yake ni njema. Yaiambia seli: «Kua, kisha ugawanyike.» Bila agizo hili mtoto asingekua tumboni mwa mama yake, na kidonda kisingepona. Lakini agizo hilo husemwa kwa kiasi. Likisha kufanya kazi yake, hunyamazishwa.

Juu ya kromosomu ya 14 kuna jeni nyingine, zile za kutengeneza silaha za damu dhidi ya magonjwa. Katika seli nyeupe za ulinzi jeni hizi huwa macho usiku na mchana, kwani pembeni yao mna viamshi vyenye nguvu sana. Nayo ni kazi njema. Tena seli hizo zina desturi moja ya ajabu: ili zipate silaha mpya kwa kila adui mpya, hukata uzi wao mahali pale na kuuunga tena kwa namna nyingine. Mwili wetu hufanya hivyo kila siku, nasi hatujui.

Lakini mwenye kukata huweza kukosea. Mara moja moja, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika, na kipande cha kromosomu ya 14 hukatika, navyo hubadilishana mahali. MYC hujikuta imehamia karibu na viamshi visivyolala. Tangu saa ile agizo la «kua, gawanyika» halinyamazi tena. Seli moja yawa mbili, mbili zawa nne, nne zawa nane. Kansa hii hukua upesi kuliko karibu kansa zote za wanadamu: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana wiki mbili zilitosha kufanya uvimbe kama ngumi.

Wataalamu hawakuyajua haya kwa siku moja. Mwaka 1972 George Manolov na Yanka Manolova waliona kipande cha ziada juu ya kromosomu ya 14 ya wagonjwa hawa. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake huko Uswidi wakaonyesha kwamba kipande hicho kimetoka katika kromosomu ya 8. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani wakatambua kwamba jeni iliyohamishwa ni MYC. Watoto kama wanane kati ya kumi wana mabadilishano haya ya 8 na 14. Wengine wana ya 8 na 2, au ya 8 na 22, lakini maana ni ile ile: MYC imewekwa karibu na kiamshi cha silaha za damu.

Na malaria, je? Malaria ikimpiga mtoto tena na tena, seli zake za ulinzi hazipumziki. Hukata na kuunga, hukata na kuunga. Mwenye kukata mara nyingi, kosa humkaribia zaidi. Virusi navyo husaidia seli iliyoharibika isife, ingawa ilipaswa kufa. Hivyo mambo matatu hukutana: mbu, virusi, na uzi uliounganishwa vibaya.

Wasomaji wapendwa, hebu tafuteni katika habari hii kitu kibaya kilichotumwa na adui. Jeni ya MYC? Alikuwa nayo tangu tumboni, nasi sote tunayo. Kiamshi? Ni cha kumlinda. Mkono wa kukata na kuunga? Ni wa kumlinda pia. Hata pale ambapo jeni yenyewe imebadilika kidogo, shida kubwa ni mahali ilipo. Moto jikoni hupika ugali. Moto ule ule ukipanda juu ya paa la majani huteketeza nyumba. Moto haukubadilika, mahali ndipo palipobadilika.

Wala si ugonjwa huu peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba, katika kansa fulani za ubongo, uzi haukukatika kabisa. Ua tu ndio ulioanguka: alama ya mpaka ilipotea, na kiamshi cha nyumba moja kikaigusa jeni ya nyumba ya pili. Hakuna aliyeingia kutoka nje. Majirani wale wale, ila mpaka umekosekana.

JE, UBAYA NI KITU?

Hapa sayansi yatufikisha mbele ya swali la zamani sana. Watu wengi hufikiri kwamba ubaya ni kitu, kama jiwe au sumu, chenye mwili wake, ambacho mtu aweza kukifunga katika jani na kumtilia mwenzake. Ndiyo maana mfumu hujifanya kutoa mfupa au nywele katika mwili wa mgonjwa. Watu huona mfupa, wakaridhika: «Ndio huo, ubaya umetoka!»

Lakini Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, alifundisha kwamba ubaya hauna mwili wake. Vitu vyote vilivyopo, kwa kuwa vipo, ni vyema. Ubaya ni upungufu: wema uliokosekana pale ulipopaswa kuwapo, kama shimo katika nguo. Shimo si kitambaa. Huwezi kulichukua shimo na kuliweka mfukoni, na hata hivyo baridi hupita hapo.

Augustino hakujua kromosomu, nasi tusimfanye mwalimu wa mambo asiyoyaandika. Lakini mwenye kuijua limfoma ya Burkitt huelewa fundisho lake vizuri zaidi. Katika uvimbe wa mtoto huyu hamna kitu kimoja kilichoumbwa kibaya. Kila sehemu ni njema, ila utaratibu umepotea. Sisemi kwamba maumivu ni ndoto. Mama aliyekesha na mtoto wake ajua kwamba si ndoto. Nasema tu kwamba maumivu ya kweli yaweza kutoka katika mpango uliovurugika, wala hayahitaji moyo wenye chuki uyatume.

«LAKINI KWA NINI MTOTO HUYU?»

Najua kwamba mzee mmoja sasa anainua mkono. Aseme, nasi tumsikilize, kwa maana neno lake si la kipumbavu.

Wazande wakaao kaskazini-mashariki ya Congo na katika Sudani ya Kusini wana mfano maarufu, ulioandikwa na Mwingereza Evans-Pritchard mwaka 1937. Ghala ya nafaka imesimama juu ya miti. Mchwa hula miti. Adhuhuri, watu huketi chini ya ghala kwa sababu ya kivuli. Siku moja ghala yaanguka na kuwaumiza. Wazande wajua vizuri kwamba mchwa walikula miti, tena wajua kwamba watu walikimbia jua. Lakini wauliza: kwa nini ghala hii ilianguka saa hii hii, juu ya watu hawa hawa? Mchwa hawajibu swali hilo. Basi, husema, ulozi ndio ujibuo.

Vivyo hivyo mzee wetu atasema: «Umenieleza jinsi uzi ulivyokatika. Asante. Lakini umesema mwenyewe kwamba watoto wote wana malaria na virusi. Kwa nini uzi wa mjukuu wangu ndio uliokatika vibaya, wala si wa jirani?»

Swali hili lastahili jibu la kweli, nalo ni hili: hakuna aliyemchagua. Kazi ya kukata na kuunga hufanyika katika seli nyingi mno, za watoto wengi mno, siku zote. Kosa hutokea mara chache, lakini kwa kuwa kazi ni nyingi, mahali fulani litatokea. Ukitupa mbegu elfu shambani, moja itaangukia juu ya jiwe. Mbegu ile haikulaaniwa. Kila mbegu ingeweza kuuliza: «Kwa nini mimi?» wala isingepata jina la mtu.

Jibu hili ni chungu, sikatai. Moyo wa mwanadamu hupenda kuwa na adui kuliko kukosa jibu. Adui aweza kupigwa na kufukuzwa. Tukio halipigwi. Nadhani hapo ndipo nguvu ya ulozi ilipo: watupa mtu wa kumkasirikia, siku ile ambapo hasira yetu haina pa kwenda. Lakini tujiulize: tangu lini kutaka kwetu mkosaji kumekuwa ushuhuda kwamba mkosaji yupo? Hakimu mwenye haki, asipoona ushuhuda, hukiacha kiti cha mshitakiwa kitupu. Sisi, kwa kuogopa kiti kitupu, twamketisha mjane. Daima ni mjane, au yatima, au mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Umewahi kuona mfumu akimtaja mwenye nguvu? Mara nyingi kidole chake humwendea asiyeweza kujibu.

Wasomaji wa Injili wakumbuka pia kwamba wanafunzi, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi. Kisha hakuendelea kumtafuta mkosaji. Alimponya kipofu.

NENO KWA WAZAZI

Kuna wengine ambao hawamshitaki jirani, bali hujishitaki wenyewe. Mama husema moyoni: «Ni damu yangu mbaya.» Baba hufikiri: «Ni adhabu ya makosa yangu ya zamani.» Kwa hao nasema waziwazi: mabadilishano haya ya kromosomu 8 na 14 mtoto hakuyarithi. Hamkumpa ninyi. Yalitokea katika seli moja ya mwili wake, baada ya yeye kuumbwa. Seli zake nyingine zina uzi ulio sawa. Wala ugonjwa huu hauambukizi. Ndugu zake waweza kulala naye, kula naye na kumkumbatia.

Lakini tusivuke upande wa pili, tukasema kwamba kwa habari ya kansa hakuna kosa la mtu kamwe. Tumbako huharibu maandishi ya jeni ndani ya mapafu, na mwenye kuwauzia watoto sigara ana hesabu ya kutoa. Akili hupima kila jambo kwa ushuhuda wake. Penye ushuhuda wa kosa, tuseme kosa. Pasipo ushuhuda, tunyamaze.

SWALI LINARUDI

Je, sasa neno «nani» tulitupe kabisa? Hapana. Lina kazi yake, ila twalitumia kwa kutazama nyuma, na kumbe lilitengenezwa kwa kutazama mbele.

Maana limfoma ya Burkitt hutibika. Katika miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe na wenzake waliona huko Kampala jambo lililowashangaza wote: watoto waliopewa dawa ya siklofosfamide, wengine kwa mara chache tu, uvimbe wao uliyeyuka, na baadhi yao wakapona kabisa. Kansa ikuayo upesi hufa upesi pia, kwa kuwa dawa hupiga hasa seli zinazogawanyika. Mwaka 1967 ilifunguliwa huko Mulago nyumba ya kuutibu ugonjwa huu, nayo ndiyo iliyozaa taasisi ya kansa ya Uganda. Leo, katika nchi zenye hospitali zenye kila kitu, watoto karibu tisa kati ya kumi hupona. Katika nchi nyingi za Afrika wanaopona ni wachache kuliko hao, kwani wengi hufika wamechelewa, au dawa hukosekana, au fedha huisha katikati ya matibabu.

Tazameni tofauti hiyo. Kosa la uzi halina mwenyewe. Lakini kuchelewa kuna wenyewe. Chandarua kilichouzwa sokoni badala ya kutundikwa kitandani kina mwenyewe. Dawa isiyofika dispensari ina wenyewe, nao pengine huketi mbali, katika ofisi nzuri. Mbuzi aliyepelekwa kwa mfumu angeweza kulipa safari ya kwenda hospitali. Hapo ndipo haki yetu yote na hasira yetu yote zingefaa kuelekea.

Basi, jamaa watakapokutana usiku kwa ajili ya mtoto aliyevimba taya, meno yakilegea bila sababu, jicho likisukumwa nje, au tumbo likijaa upesi, na waulize «nani», tena kwa sauti kubwa. Nani atambeba kesho alfajiri, pasipo kungoja hata wiki moja? Nani ana baiskeli? Nani atatoa fedha ya kwanza? Nani atabaki na wadogo zake? Nani atakwenda na mama, asikae peke yake katika nyumba ya wagonjwa?

Na nani atapita nyuma ya nyumba, abishe hodi kwa nyanya, amwambie: «Nyanya, mjukuu wako ni mgonjwa. Njoo, keti pamoja nasi»?